Laini Iliyobaki Nyumbani

Vitu vya marehemu vilikuja ndani ya mfuko wa plastiki, na kampuni ilikuwa imeufunga kwa pini nne za stepla, kana kwamba kuna kitu mle kingetoroka. Mkaguzi wa ajali za kazini alizing'oa moja moja kwa ncha ya mkasi, akapanga vitu mezani. Miwani yenye kioo kimoja. Chaja. Kalamu ya wino wa bluu. Pini ya kubania nguo, imenyooshwa ikawa kama sindano. Simu ya kazi, nyeusi, ufa umeikata kona hadi kona. Na vijikadi vitatu vya plastiki, kila kimoja na tundu dogo pale laini ya simu ilipobanduliwa.

Nje mvua ilikuwa ya tangu alfajiri, nyembamba, isiyo na haraka.

Fundi mwenyewe alikuwa amezikwa siku kumi na tisa zilizopita. Alikuwa fundi wa mitambo ya baridi. Kampuni ilimtuma nchi jirani kukarabati ghala la mteja, na Jumatano ya wiki ya tatu gesi ya amonia ilivuja kwenye vali, ikamkuta peke yake ndani ya chumba cha mtambo. Ripoti ya kampuni ilikuwa na kurasa mbili. Fundi, ilisema, anatakiwa kila asubuhi kutuma picha za vali kwa simu ya kazi kabla ya kugusa kitu. Siku hiyo hakutuma. Hakuwa mtandaoni kabisa, kwa kuwa hakununua data. Msimamizi wake asingeweza kuzuia asichokijua. Chanzo cha ajali: uzembe wa marehemu.

Mkaguzi aliyajua maneno hayo matatu. Alikutana nayo mara ya kwanza miaka kumi na sita iliyopita, kwenye faili la waashi wawili walioanguka na jukwaa la mbao mbovu. Akakutana nayo kwenye faili la mama aliyekatwa vidole na mashine ya kufungia maboksi, akafa kwa pepopunda. Waandishi wa ripoti hubadilika, maneno hayabadiliki. Maiti ndiye mfanyakazi bora kuliko wote: habishi, hagomi, na kila kosa anakubali.

Kesho saa nne asubuhi faili lilitakiwa liwe limesainiwa. Maneno yale matatu yakipigwa muhuri, mjane angetoka kwenye nyumba ya kampuni kabla mwezi haujaisha, na jina la mumewe lingebaki hivyo hivyo kwenye makabati ya serikali: mtu aliyejiua kwa uvivu.

Mkaguzi alikigeuza kijikadi cha tatu. Nyuma yake kulikuwa na mwandiko wa wino wa bluu, mdogo, ulionyooka: *Ya tatu. Jumatatu. Siku 7.*

Akavirudisha vitu mfukoni, akachukua mwavuli.

*

Msimamizi alikuwa na ofisi ya kona, kiyoyozi kinanguruma wakati nje watu wanatetemeka. Ndiye aliyekiongoza kikosi cha safari ile.

"Karibu, mama. Pole na mvua."

"Nimeshapoa. Simu hii ina nafasi ngapi za laini?"

"Moja. Ni simu ya kazi, si ya mapambo."

"Mnaowatuma nje wanatumia laini gani?"

"Wananunua za kule kule, za kulipia kabla. Unaweka kifurushi, kikiisha unaongeza. Laini zetu tumezifunga zisipate data nje ya nchi. Gharama zake zinaua."

"Zinaua," Mkaguzi alirudia, akiandika. "Na anayenunua hizo za kule ni nani?"

"Mfanyakazi. Ni mtu mzima, mama, si mtoto wa kununuliwa pipi."

Mkaguzi aliiwasha simu ya marehemu. Msimamizi akamtajia namba ya kuifungua bila kuulizwa: sifuri mara nne, simu zote za kampuni ni hivyo. Simu yenyewe ikadaka mtandao wa ofisi kama ng'ombe anayejua zizi. Mkaguzi akagusa alama ya programu ya kazi. Maandishi yakatokea: *Simu hii ilizimwa au imebadilishwa laini. Weka namba ya uthibitisho iliyotumwa kwenye laini yako ya kampuni.*

"Hii namba inakwenda wapi?"

"Kama inavyosema. Kwenye laini ya kampuni."

"Ambayo imetolewa ili ya kule iingie."

Msimamizi alisogeza kikombe chake inchi moja kushoto.

"Basi huwa wanaingiaje?"

"Hilo waulize watu wa kompyuta."

"Laini ya kampuni ya marehemu iko wapi? Haimo kwenye mfuko."

"Aliipoteza, nadhani. Au muulize yule mwanamke wake wa huko."

"Mwanamke yupi?"

"Mama, mwanaume akiwa safarini..." Alitabasamu kidogo. "Mimi simsemi marehemu vibaya."

"Umeshamsema. Jumatano ile wewe ulikuwa wapi?"

"Hotelini. Kilomita arobaini kutoka mtamboni. Nilikuwa na homa, nimelala. Mlinzi wa ghala alinipigia saa kumi na mbili jioni. Simu ya marehemu nilikabidhiwa kesho yake."

"Zahanati imeandika alifikishwa saa sita na nusu mchana, roho imeshatoka."

"Ndiyo, mimi nikaambiwa jioni. Watu wa kule wazito."

"Saa za kule na za hapa zinapishana?"

"Hapana. Saa ni moja."

Mkaguzi aliandika hilo pia, akapiga mstari chini yake. Kisha akasukuma kijikadi cha tatu mezani.

"Laini ya Jumatatu, kifurushi cha siku saba. Amekufa Jumatano. Data iliishaje?"

"Alikuwa anaangalia mpira. Na mtu anaweza kuandika lolote kwenye plastiki, mama."

"Hata kwenye karatasi," Mkaguzi alisema, akiifunga ripoti. "Nipe namba yako, nikiwa na swali nikupigie."

*

Karakana ilikuwa nyuma ya jengo, mbali na kiyoyozi. Maji yalidondoka kutoka paa hadi ndani ya pipa la grisi tupu. Fundi mmoja alikuwa ameinama juu ya kompresa iliyofunguliwa tumbo. Wenzake walimwita Bisibisi kwa sababu hakuna mahali alipokosa kuingiza ncha yake. Leo, kwa mara ya kwanza, hakutaka kuingiza.

"Mimi na marehemu tumesafiri mara tano," alisema, haangalii juu. "Alikuwa mtu mzuri. Andika hivyo."

"Nimeandika. Laini ya kampuni huwa mnaiweka wapi mkiwa nje?"

"Dada, nina watoto wanne na mdomo mmoja."

Mkaguzi alitembea hadi ukutani, kwenye bango la kanuni lililokunjamana kwa unyevu, akasoma kwa sauti: "Kanuni ya saba. Laini ya kampuni haitolewi mikononi mwa mtu asiye mwajiriwa. Adhabu, kufukuzwa kazi." Akageuka. "Bango halitundikwi kwa kosa ambalo hakuna anayelifanya."

Bisibisi alifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono.

"Unajua mambo yalivyoanza?" alisema. "Zamani walikuwa wanalipia wao. Siku moja wakatuita, wakasema kuanzia leo kila mtu atajitafutia mtandao huko aendako. Tukanunua. Ukibadilisha laini, programu inadai namba. Namba inakwenda kwenye laini uliyoitoa. Uirudishe uisome? Ukiirudisha unapoteza mtandao, ukiweka ya kule inadai tena namba mpya. Mbwa anafukuza mkia wake. Mwenzetu mmoja alizunguka hivyo siku nzima hadi akalia. Tukamlalamikia Msimamizi. Akasema, 'Nyie ni mafundi, tafuteni njia, fundini.'"

"Mkafundi."

"Tukafundi."

"Msimamizi anasema marehemu alikuwa na mwanamke kule."

Bisibisi alicheka, kicheko kikavu kilichowageuza mafundi wawili upande wa pili. "Yule? Yule akipita msichana yeye anatazama vali! Dada, yule mwanamke wake ni mmoja tu, na ndiye aliyekuwa akimfungulia kila—"

Alikatiza. Tone lilianguka pipani, na jingine.

"Akimfungulia nini?"

"Sijasema kitu."

"Hujasema."

Bisibisi aliinamia tena kompresa. Alipoongea, aliongea na chuma. "Nenda kamsalimie mjane. Na ukifika, usimuulize habari za laini. Atakukana. Muulize asubuhi zao zilikuwaje."

*

Nyumba za kampuni zilikuwa safu mbili za vyumba viwiliviwili, rangi imebanduka hadi kiuno. Mjane alikuwa kwenye cherehani, anashona sare za shule, kitambaa cha kijani kimemwagika hadi sakafuni. Nyuma yake maboksi sita yalikuwa yamefungwa kwa utepe na kuandikwa: vyombo, nguo zake, nguo zangu.

"Karibu ukae, dada. Chai ningekupa, ila sukari nimeshaifungia kwenye boksi."

"Umeambiwa uhame?"

"Sijaambiwa. Ila jana walikuja watu wawili kupima madirisha. Wanapima mapazia ya nani?"

Mkaguzi alikaa kwenye kigoda. Hakutoa daftari.

"Mume wangu alikuwa akisafiri sana," mjane alisema, kama mtu anayejibu kabla hajaulizwa. "Nimeshawaeleza wote. Mimi sijui lolote la kazi yake."

"Sijaja kuuliza kazi. Nataka kujua, akiwa mbali, asubuhi zenu zilikuwaje?"

Mguu wa mjane ulisimama juu ya kanyagio. Sindano ikabaki imezama ndani ya kola ya mtoto wa mtu.

"Nani amekwambia uniulize hivyo?"

"Mtu mwenye watoto wanne na mdomo mmoja."

Mjane alitazama mlangoni, akainuka, akaufunga. Alirudi, akavuta droo ya cherehani, akatoa soksi ya kiume. Ndani ya soksi kulikuwa na simu ndogo ya vitufe, ile ya bei ya chini kuliko zote.

"Laini yake ya kampuni imo humu," alisema. "Kila akisafiri alikuwa ananiachia. Kuna kanuni inakataza. Nikisema, watasema kumbe kweli alikuwa mvunja sheria. Nisiposema, wanasema mzembe. Dada, nichague kisu kipi?"

"Nieleze kwanza. Tutachagua baadaye."

"Anaamka, anawasha simu, programu inadai namba. Namba inakuja kwangu, hapa. Ananipigia kwa laini ya kule. Dakika moja tu, ilikuwa ghali, hatuongei. Ananiambia, 'Soma.' Nasoma namba sita. Ananiuliza, 'Salama?' Namjibu, 'Salama.' Anakata. Miaka miwili. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Watu wanaandikiana mashairi, sisi tulikuwa tunasomeana namba."

"Baada ya msiba umeitumia?"

"Niliizima siku ileile walipokuja kuniambia. Sijaigusa tena."

"Iwashe."

Simu iliwaka mwanga wa kijani, ikakaa kimya, kisha ikalia mara moja. Mjane alishtuka kama aliyechomwa. Mkaguzi aliipokea, akasoma ujumbe: namba ya uthibitisho, ya leo, saa tano na dakika kumi asubuhi. Dakika ileile alipoiwasha simu ya marehemu ofisini kwa Msimamizi.

"Hiyo niliiomba mimi, bila kujua," alisema. "Sasa nimejua inavyofanya kazi."

Akarudi nyuma kwenye orodha. Ujumbe ulipangana siku baada ya siku, mmoja kila asubuhi. Siku ya Jumatano ile, wa kwanza ulikuwa wa saa moja kasoro dakika mbili. Akafungua orodha ya simu zilizopokelewa. Saa moja kasoro dakika moja, namba ya nje. Akatoa kijikadi cha tatu, akailinganisha na namba iliyochapwa juu yake, tarakimu kwa tarakimu, kwa ncha ya kalamu. Ilikuwa ileile.

"Kwa hiyo Jumatano aliingia mtandaoni," alisema. "Data alikuwa nayo. Simu hii ilikaa muda mrefu kuliko nyingine zote. Dakika moja na nusu."

"Siku ile aliongeza maneno." Mjane alishika ukingo wa meza. "Alisema, 'Vali inalia. Ngoja niwatumie picha, wakiniruhusu nisimame nitasimama.' Nikamwambia asimame tu. Akasema, 'Bila ruhusa yao? Utanishonea sare ya mlinzi?' Akacheka. Akakata."

Mkaguzi sasa alitoa daftari. Aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa, akamsomea, akamwomba atie saini pembeni. Kisha akaitazama tena simu ndogo, na uso wake haukubadilika.

"Hapa kuna ujumbe wa pili. Jumatano hiyohiyo. Saa saba na dakika ishirini mchana."

Mjane aliachia ukingo wa meza.

"Na simu ya pili, dakika moja baadaye. Kutoka namba yake ileile."

"Ndiyo."

"Ulipokea?"

"Niliona namba ni yake. Nikasema moyoni, leo ana hamu, mara mbili kwa siku. Nikapokea nacheka." Alianza kukikunja kitambaa cha kijani, kinyumenyume, kukikunja na kukikunjua. "Hakuwa yeye. Mwanaume mwingine, anahema. Akasema, 'Shemeji, simu ya mumeo imeanguka ikazima, inadai namba, na yeye mikono imejaa grisi. Nisomee.' Nikamuuliza, 'Hajambo?' Akasema, 'Hajambo, anakusalimia.' Nikamsomea."

Mvua iliongezeka juu ya bati. Mkaguzi alifungua faili, akatoa karatasi ya zahanati, akaiweka juu ya cherehani. Hakuna njia nzuri ya kumwonyesha mtu saa. Aliweka kidole chini ya mstari, akaacha macho ya mjane yafike yenyewe.

Yalifika.

"Saa sita na nusu," mjane alisema. "Tayari."

"Tayari."

"Kwa hiyo mimi nilipokuwa nacheka..."

Mkaguzi aliirudisha karatasi kwenye faili.

"Nilimsomea namba aingie afute zile picha. Ni mimi niliyemfungulia."

"Ulimfungulia aliyekuhadaa. Na alipoingia aliacha nyayo mbili humu: ujumbe wa namba, na simu aliyopiga kwa laini ya marehemu. Mtu asiye na data haombewi namba ya kuingia mtandaoni. Na aliyelala hotelini na homa, kilomita arobaini, hawezi kuwa na simu ya maiti mkononi saa saba mchana. Ila sijui bado kama ndiye. Sauti ile unaikumbuka?"

"Hata nikifa."

Mkaguzi aliweka simu yake mwenyewe mezani, akaanza kurekodi, akataja tarehe, saa na mahali. Akachukua namba aliyopewa asubuhi, akaibonyeza kwenye simu ndogo, akawasha spika. "Usiseme neno. Sikiliza, halafu utaniambia ni yeye au siye. Basi."

Huko kwenye ofisi ya kona, jina la mtu aliyezikwa lilikuwa linawaka juu ya kioo cha simu. Iliita mara saba. Mara ya nane ikapokelewa, na kwanza hapakuwa na kitu, ila mngurumo wa kiyoyozi.

"Nani?" sauti iliuliza. Kisha, chini zaidi: "Nani huyo?"

Mkaguzi alimtazama mjane, akitarajia aitikie kwa kichwa. Mjane aliinamia simu.

"Shemeji," alisema, taratibu, kama anayemwita mgeni ale. "Mikono yake bado ina grisi?"

Kiyoyozi kilinguruma. Mahali fulani huko kiti kililia.

"Shemeji, sikiliza, ile namba mimi nilikuomba kwa sababu ya... yaani pale ilikuwa ni dharura, hata mlinzi alini—"

Simu ikakatwa.

Mkaguzi alitaja saa kwa sauti, akasimamisha kurekodi. Alichukua fomu, akaandika: *Kielelezo cha kwanza, simu ndogo ya vitufe, laini ya kampuni ndani yake.* Akaifikia nafasi ya chanzo cha ajali, akaiacha wazi. Ilikuwa haijajazwa bado; kulikuwa na mlinzi wa kutafutwa, na kampuni yenye mawakili watatu, na kanuni ya saba ukutani ikisubiri zamu yake. Lakini kesho saa nne hapangekuwa na muhuri.

"Watakuja na hiyo kanuni yao," mjane alisema.

"Watakuja. Nami nitawauliza nani aliyewaambia mafundi wafundi."

Mjane alitia saini ya kukabidhi. Kalamu ilipofika mwisho wa jina alikaa nayo kidogo, akiitazama simu ndogo inavyoingia kwenye mfuko wa plastiki. Kisha akachukua mkasi wa cherehani, akaliendea boksi lililoandikwa "vyombo", akakata utepe wake wa juu kwa pigo moja, akaingiza mkono hadi begani kutafuta sukari.